Kidumu Kimejaa, Taa ya Maji Inawaka: Tuanzie Wapi?

Jirani yangu hapa Ipuli, mama mstaafu mwenye Vitz ya rangi ya fedha, alinigongea mlango asubuhi kabla sijamaliza chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu njoo unitazamie hili gari, tangu jana linanitukana."

Matusi yenyewe yalikuwa taa nyekundu ya kipimajoto, iliyoanza kupepesa akirudi kutoka sokoni. Kijana mmoja alimwambia maji yamekwisha. Akafungua boneti, akakuta kidumu cha plastiki cha akiba kimejaa, tena kupita alama ya juu. "Maji yote haya, na bado linadai maji?"

Gari lilikuwa limelala usiku kucha, kwa hiyo tulifungua mfuniko wa rejeta yenyewe bila wasiwasi. Nilichungulia ndani nikaona chuma kikavu. Tulimimina karibu lita mbili na nusu ndipo maji yakaonekana mdomoni. Kwa gari dogo ambalo mfumo wake mzima unabeba kama lita nne au tano, hiyo ni nusu ya maji yote au zaidi. Kidumu kilikuwa kimeshiba huku injini inakufa kwa kiu. Kosa lilikuwa kwenye mfuniko, kifaa ambacho watu hukigusa kila siku bila kukitazama. Nitakirudia, maana kwa sisi wa Tabora kina habari yake.

Usikubali kuongeza maji tu na kuondoka. Mfumo wa kupoza injini umefungwa. Gari lisilo na hitilafu linaweza kukaa miezi bila kuomba hata kikombe kimoja, hivyo yakipungua kuna mahali yametokea. Na yasipopungua na taa bado inawaka, kuna kitu hakizunguki, au taa yenyewe inadanganya.

Kwanza, ni taa gani hasa?

Watu husema "taa ya maji" kwa taa tatu tofauti.

Ya kwanza ni ya bluu, kipimajoto chenye mawimbi chini yake. Utaikuta kwenye magari mengi madogo ya Toyota yasiyo na geji ya joto, kama Vitz na Passo. Hiyo si ugonjwa. Inasema injini bado baridi, endesha taratibu. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Tabora ikishika, itakaa dakika kadhaa kisha izime. Ikikaa robo saa nzima, au ikizima halafu ikarudi ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, hapo ndipo kuna neno: thamostati (mlango mdogo unaofungua na kufunga njia ya maji ya rejeta kufuata joto) imekwama ikiwa wazi, au kuna fundi aliyewahi kuitoa akaitupa. Kuhusu kuitoa nina maneno yangu, yanakuja.

Ya pili ni nyekundu, picha ileile ya kipimajoto. Hii ni ya joto. Ikipepesa au ikiwaka moja kwa moja ukiwa njiani, safari imesimama.

Ya tatu ni picha ya chombo chenye mistari ya maji ndani, na mara nyingi iko kwenye magari ya Ulaya. Hii haipimi joto, inapima kimo cha maji kwenye kidumu, na inaweza kuwaka hata injini ikiwa baridi kabisa. Ikiwaka unapokata kona au unaposhuka mteremko kisha ikazima, maji yamepungua kidogo tu, yanayumba na kuiacha sensa hewani. Kwenye Volkswagen nyingi sensa hiyo ni vijiti viwili vya chuma ndani ya kidumu vinavyopitisha umeme kidogo katikati ya maji. Vijiti vikiliwa na kutu au kufunikwa na utando, taa itawaka huku kidumu kimejaa. Chomoa soketi yake, angalia kama kuna ukijani wa kutu, safisha, rudisha.

Jaribio la haraka kwa taa yoyote: washa swichi bila kuwasha injini. Taa nyingi za dashibodi huwaka sekunde chache kisha huzima, gari linajikagua. Ikiwa nyekundu ya joto inabaki imewaka asubuhi, injini baridi kama jiwe, maji yapo, basi shuku sensa au waya wake. Dalili nyingine ya sensa ni feni kuanza kuzunguka mara tu unapowasha gari na kutokoma. Kompyuta ya gari ikikosa taarifa ya joto, magari mengi huwasha feni kwa kujihami.

Ikiwaka ukiwa njiani

Zima kiyoyozi. Toka barabarani, simama. Kama hakuna mvuke na huna budi kusogea hatua chache ili upate mahali salama, fungua hita hadi mwisho wa joto na feni yake kasi yote. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Tena inakupa jibu: hita ikipuliza hewa baridi wakati dashibodi inasema injini inaungua, maji hayafiki, ama yamekwisha ama hayazunguki. Ukiona mvuke, zima injini hapohapo.

Taa ya betri ikiwaka pamoja na ya joto, usisogee hata mita kumi. Katika magari mengi mkanda mmoja unazungusha alternata (inayochaji betri) na wotapampu (inayozungusha maji), na huenda umekatika.

Geji ikipanda hadi juu kisha ikashuka ghafla huku injini inanuka, usishangilie. Maji yakishakwisha, sensa inabaki kwenye hewa na haipimi tena chochote cha maana.

Halafu subiri. Nusu saa ni kidogo, saa nzima ni bora. Shika mpira mkubwa wa juu wa rejeta kwa kitambaa, ubonye: ukiwa mgumu kama tairi, ndani bado kuna presha, na mfuniko usiguswe. Maji ya humo yanaweza kuwa na joto la zaidi ya nyuzi 100 bila kuchemka, yakisubiri ufungue tu yakurukie usoni. Usimwage maji baridi juu ya injini ya moto kwa kuiharakisha, unaweza kupasua hedi, kile kichwa cha injini. Na vidole viwe mbali na feni. Feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Asubuhi yake: mfuniko

Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua rejeta, si kidumu peke yake. Magari mengi ya Kijapani yana vyote viwili, na yaliyomo kidumuni hayakuambii yaliyomo rejetani. Hapo ndipo jirani yangu alipopotea. (Magari mengi ya Ulaya hayana mfuniko kwenye rejeta, kidumu chenyewe ndicho chenye presha, kwa hiyo hapo kimo unachokiona ni cha kweli.)

Shika mfuniko, ugeuze uutazame kwa chini. Utaona springi na raba pana ya duara. Katikati kabisa pana kidude kidogo cha bati kama kifungo cha shati. Springi na raba pana huzuia maji yasitoke mpaka presha ifike kiwango kilichoandikwa juu ya mfuniko, mara nyingi 1.1 au 0.9 (takriban bar). Presha ikizidi, maji ya ziada husukumwa kwenda kidumuni kupitia kile kipira chembamba. Injini ikipoa, ndani panabaki ombwe, na kile kifungo cha katikati kinafunguka kuyavuta maji yarudi. Kivute kwa kucha. Kinapaswa kuinuka kidogo na kurudi chenyewe. Cha mama yule kilikuwa kimegandiana kwa kutu ya rangi ya matofali. Maji yalikwenda kidumuni kila safari, hayakurudi hata siku moja. Raba nayo ilikuwa na ufa mwembamba, nikaupitisha ukucha.

Kwa nini nasema mfuniko una habari yake Tabora? Mji huu uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Maji matupu kwenye sufuria hapa huchemka karibu nyuzi 96, si 100 kama tulivyokariri shuleni. Kigoma, kule chini kandokando ya ziwa, ni kama 97. Sasa, thamostati za magari mengi hufunguka karibu nyuzi 82, na feni ya umeme huanza kazi karibu nyuzi 93 hadi 96. Yaani mfuniko uliokufa unamaanisha maji yako yanaanza kuchemka wakati feni ndiyo kwanza inaamka. Mfuniko mzima wa 1.1 unalisukuma jambo hilo hadi karibu nyuzi 120. Gari hilohilo lenye mfuniko mbovu huenda lingevumilia zaidi Dar es Salaam, ufukweni, kuliko hapa. Ndiyo maana mimi huanza na mfuniko kabla ya kununua kitu kingine. Ni spea ya bei ndogo kuliko karibu zote nitakazozitaja. Nunua wenye namba ileile ya ule wa zamani. Wenye presha kubwa zaidi utakupasulia mipira.

Maji yanapungua

Laza kadibodi nyeupe chini ya injini usiku, asubuhi uisome. Tone la wazi lisilo na harufu, upande wa abiria, baada ya kuendesha na kiyoyozi, ni jasho la kiyoyozi, liache. Kulanti, yaani dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji, ina rangi, waridi, kijani au bluu, inateleza vidoleni na ina harufu ya utamutamu. Oili ni nyeusi au kahawia na haikauki.

Kadibodi ikiwa kavu, usihitimishe kwamba hakuna uvujaji. Tundu dogo huvuja gari likiwa la moto na lenye presha, maji yanakauka kabla hayajafika chini. Tafuta alama: ukoko mweupe au wa waridi, kama chumvi iliyokauka pembeni ya sufuria. Pitisha tochi kwenye ncha za mipira palipo na klipu, kisha kwenye kiungo kati ya bati la rejeta na kichwa chake cha plastiki. Plastiki hiyo huchoka na umri, ufa wake huwa mwembamba kama unywele. Kwenye wotapampu kuna kitundu kidogo kwa chini, kimewekwa makusudi. Kikitoa maji, sili ya pampu imekwisha, na hakuna gundi wala dawa ya kumwaga ndani itakayoiponya. Zile dawa za kuziba tundu mimi sizipendi. Haziwezi kuchagua tundu, zinaziba na njia nyembamba za rejeta na hita.

Mkeka wa abiria ukilowa, na vioo vikiwa na ukungu unaonata wenye harufu tamu, rejeta ndogo ya hita ndiyo inayovuja, ndani ya dashibodi. Kazi yake ni ndefu, hiyo mpelekee fundi.

Maji hayapungui, joto linapanda

Hapa swali ni moja: linachemsha lini?

Likichemsha ukiwa polepole, kwenye foleni ya sokoni au limesimama kwenye sailensa (injini inawaka bila kukanyagwa mafuta), kisha likapoa ukishika barabara ya Nzega, feni haifanyi kazi. Upepo wa mwendo unafanya kazi yake ukiwa kasi, ukisimama hakuna wa kumsaidia. Washa gari, washa kiyoyozi: kwa magari mengi feni inapaswa kuzunguka ndani ya muda mfupi. Isipozunguka, angalia fyuzi kwanza, kisha badilisha relei (swichi ndogo ya umeme inayoiwasha feni) na nyingine inayofanana nayo kwenye sanduku hilohilo, ya honi kwa mfano kama ni aina moja. Feni ikiamka, tatizo ni relei. Ikikataa, ipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikibaki kimya, mota imekufa. Kuna feni zinazozunguka lakini kivivu, brashi zimekwisha. Hizi ndizo zinazodanganya wengi, mtu anaona inazunguka anaridhika.

Likichemsha kwenye mwendo mkubwa, au ukipandisha mlima na mzigo, feni achana nayo. Rejeta imeziba au maji hayazunguki vya kutosha. Anza nje. Miezi ya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, vumbi letu na mbegu za majani huingia kati ya rejeta ya kiyoyozi na rejeta ya injini, vikapangana kama godoro. Kwa mbele huoni kitu. Mulika kutoka upande wa injini. Safisha kwa maji ya presha ndogo ukielekeza kutoka nyuma kwenda mbele. Presha kubwa ya kuoshea magari italaza mapezi yote na utakuwa umeiziba mwenyewe.

Kisha thamostati. Washa injini ikiwa baridi, shika mpira wa juu na wa chini wa rejeta kila baada ya dakika chache. Injini ikishapata moto, mpira wa juu ukiungua na wa chini ukabaki baridi muda mrefu, thamostati haifunguki, au rejeta imeziba kwa ndani. Kutofautisha ni rahisi: itoe thamostati, iweke kwenye sufuria ya maji jikoni ukiwa na ruhusa ya mwenye jiko, chemsha. Maji yakikaribia kutokota inapaswa kuwa imefunguka wazi. Kumbuka kwetu sufuria haipandi zaidi ya nyuzi 96, ila hiyo inatosha kabisa kwa thamostati ya 82.

Sasa yale maneno yangu. Mara moja nilipeleka gari kwa fundi, likarudi "limepona". Baadaye nikagundua alitoa thamostati akafunga bila kitu. Wengi wanasema nchi ya joto haihitaji thamostati. Inahitaji. Bila hiyo injini inachelewa kupata moto, mafuta yanaliwa, taa ya bluu haizimi. Na kwenye Toyota nyingi thamostati ina sahani ya pili kwa chini inayoziba njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka bila kupita rejetani, na gari linaweza kuchemsha zaidi kuliko mwanzo. Kisha fundi anakwambia hedi gasketi, kizibo kati ya hedi na bloku ya injini, imekufa.

Kama mfumo umefunguliwa majuzi, shuku hewa iliyonasa. Utasikia maji yakicheka ndani ya dashibodi, na hita itapuliza moto na baridi kwa zamu. Pandisha pua ya gari. Kigoma wana mlima wa kutosha kutoka stesheni kupanda Mwanga. Sisi wa Tabora tambarare tunapandisha magurudumu ya mbele juu ya tuta la getini, breki ya mkono imevutwa na jiwe nyuma ya tairi. Fungua mfuniko injini ikiwa baridi, hita kwenye joto la mwisho, washa, acha kwenye sailensa, ongeza maji kila yanaposhuka mpaka mapovu yakome na feni iwake mara moja au mbili.

Mapovu yasiyokoma

Yakiendelea bila kukoma, tena kuanzia injini baridi, hewa hiyo haitoki nje, inatoka kwenye silinda. Dalili nyingine: mpira wa juu unakuwa mgumu ndani ya dakika moja ya kuwasha gari baridi, kabla maji hayajapata moto. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ambao hauishi hata gari likiwa la moto. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, au ndani ya rejeta utando mzito unaoelea kama mawese yaliyopoa. Hiyo ni gasketi ya hedi, na gari lisiendeshwe hadi gereji, livutwe.

Lakini usimhukumu mtu kwa ute mdogo wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili peke yake. Gari la kwenda kazini na kurudi, kilomita mbili mbili, hupata huo kutokana na unyevu usiopata joto la kutosha kukauka. Angalia kijiti. Kikiwa safi, endelea kuchunguza.

Umimine nini

Kulanti na maji yasiyo na madini (yaliyotoneshwa), nusu kwa nusu, kama kulanti uliyonunua ni nzito, haijachanganywa. Kama chupa inasema iko tayari kutumika, usiichanganye na kitu. Usichanganye rangi kwa kubahatisha. Rangi si kipimo cha aina, soma chupa.

Maji ya kisima ni ya dharura tu. Tazama ndani ya birika lako la chai: ule ukoko mweupe ndio utakaojipanga kwenye mirija ya rejeta, na mirija ile ni myembamba kuliko mdomo wa birika. Ukikwama mahali kama Uvinza, mji wa chumvi, nunua maji ya chupa ya kunywa, yatakufikisha. Ukifika, yamwage yote na ujaze mchanganyiko sahihi.

Ukimwaga kulanti ya zamani, usiiache kwenye beseni uani wala usiihifadhi kwenye chupa ya soda. Ni tamu, ni ya waridi kama juisi, na ni sumu inayoua figo. Mtoto hatauliza, mbwa hatauliza.

Ya jirani yangu ilimalizika kwa mfuniko mpya na maji yaliyojazwa upya. Nilibandika kipande cha selotepu kwenye kidumu palipofika maji, nikamwomba aangalie kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, kwa wiki moja, na kwamba siku yakishuka chini ya selotepu anigongee hata kama niko kwenye chai. Siku ya tatu aligonga. Maji yalikuwa yameshuka unene wa kidole. Tulilaza kadibodi, na asubuhi ilikuwa na madoa mawili ya waridi, chini kabisa ya klipu ya mpira wa juu. Ulikuwa ufa mdogo ambao bila presha haukuwahi kuvuja. Mfuniko mpya ndio uliourudishia presha, na presha ikaufichua. Tukakata ncha ya mpira sentimita mbili, tukaurudisha kwa klipu mpya, na selotepu bado iko pale.